Karuho Nyumbani kwa Pasta

Nilisikia kicheko kabla ya kuona lolote. Kilikuwa kicheko cha mwanamke, kipana, kikipanda juu bila haya, kisha katikati kikavunjika kikawa kikohozi kirefu cha kukwangua kifua mpaka chini. Nikangoja kwa hofu, nikidhani anakata roho. Kikohozi kilipomwachilia, kicheko kikaendelea palepale kilipokuwa kimeishia.

Sikuona kitu kwa sababu nilikuwa nimefunikwa kitenge kutoka kichwani hadi kiunoni. Mama ndiye aliyenifunika, kwa agizo la Baba, kabla ya kunikalisha kwenye pikipiki kati yake na dereva. Mji wetu mzima wa Baraka ulikuwa barabarani asubuhi ile. Nilisikia honi, nilisikia wauza mafuta wakiita, nilinusa dagaa wetu, ndagala, walioanikwa. Hakuna aliyetakiwa kujua kwamba mzigo ule uliofunikwa ni mimi binti wa Pasta, kiongozi wa kwaya yake, korale, ninapelekwa hospitalini kwenye pavio, wodi ya watu wanaokohoa.

"Mumufungue huyo mutoto apumue," ile sauti ya kicheko ikasema. "Ama mumemuleta kama zawadi ya ndoa?"

Mama akaondoa kitenge, nami nikaona mahali ambapo ningekaa msimu mzima wa mvua: vitanda vya chuma, madirisha makubwa yasiyofungwa kamwe, na kando ya dirisha la mwisho mwanamke mwembamba kama ufito, meno yote nje, akinikaribisha kwa mkono. Aliitwa Mama Riziki. Kule Lulimba alikuwa akitwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu cha chuma, na vumbi la mawe hayo lilikuwa limemzeesha kabla ya wakati.

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe unayekohoa sasa na umeambiwa jina ambalo si jina la ugonjwa wako. Sitakueleza habari za vijidudu. Muuguzi atakueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimepona. Ninapumua sasa hivi ninapoandika, na kila pumzi bado inanishangaza, kama mtu aliyerudishiwa nguo yake kutoka mtoni baada ya kuiona ikienda na maji. Ninataka ujue tulivyofika pale, na jinsi Mungu alivyoishusha nyumba yetu mpaka mahali ambapo angeweza kuzungumza nayo.

Baba alianza kuhubiri kabla sijazaliwa, kwenye njia ya Lulimba, akitembea kwa miguu kutoka machimbo hata machimbo, akilala alikokaribishwa na hata alikofukuzwa. Kanisa lake la kwanza hapa Baraka lilikuwa shitingi ya plastiki iliyofungwa juu ya miti. Nilipoanza shule tayari lilikuwa na mabati. Nilipomaliza lilikuwa na dari, na viti vya velveti madhabahuni, na mzee mmoja wa kanisa ambaye kazi yake ilikuwa kumbebea Baba Biblia kutoka mlangoni mpaka mimbarini. Nyumbani tulipata vigae, na maji yaliyotoka ukutani. Sikuona ubaya wowote katika hayo, na hata leo sisemi kwamba vigae ni dhambi. Lakini Baba alikuwa ameanza kusema neno moja mara nyingi mno: "Nyumba yangu ni ushuhuda." Magonjwa yalikuwa ya nyumba nyingine. Tulikwenda kuyaombea, tukanawa mikono, tukarudi.

Nilianza kukohoa mvua zilipokuwa zikielekea kuisha. Tulisafiri na korale kwenda kuimba kule Kazimia, na pamoja nasi alikuwepo Mama Sifa, mjane muuza samaki ambaye alitupikia kila tuliposafiri. Alinisikia nikikohoa kwenye mazoezi. Wakati wa chakula akanichagulia samaki mnono, mgebuka, akaniwekea sahani yangu kando.

"Sauti inataka mafuta," alisema. "Kula, binti yangu. Hiki kikohozi sikipendi."

Kumbuka mfuatano huo: kikohozi kwanza, sahani baadaye. Baadaye watu waligeuza wakaweka sahani mbele.

Kiangazi kikaja na vumbi lake. Nilitoka jasho usiku hata godoro likanuka. Sketi zangu zikaanza kufungwa kwa pini. Mfupa wa bega ukajitokeza, kisha mifupa mingine ambayo sikujua kwamba ninayo. Sauti ikaanza kupasuka kwenye noti za juu. Siku moja nikakohoa kwenye leso, nikaona damu, nikaikunja leso haraka kama mtu aliyeona siri ya mwingine.

Kwetu kikohozi kinachomkondesha mtu hupewa jina kabla ya kupimwa. Jina hilo ni karuho. Ni sumu ya polepole. Husemwa kwamba mwenye wivu huificha chini ya ukucha, akaichovya kwenye chakula chako, ukaanza kukauka kidogo kidogo kama mti uliochomwa mizizi. Na karuho, nisikufiche, ina heshima yake. Kifua kikuu ni ugonjwa wa wachimbaji, wa wafungwa, wa watu wanaolala wengi chumba kimoja. Karuho ni ugonjwa wa mtu mwenye kitu cha kuonewa wivu. Nyumba iliyokuwa ushuhuda haikuweza kupata kifua kikuu. Karuho iliweza kuipata, na hata ikaipamba.

Baba, ambaye aliwahi kuhubiri juma zima dhidi ya waganga, alimtuma Mama anipeleke kwa mwanamke mmoja juu, upande wa Fizi. Alisema yule si mganga, ni mtaalamu wa karuho. Tulipanda kilima tukipumzika kila kivuli. Mwanamke akaninywesha maji machungu ya mizizi, nikatapika mpaka nikaona nyota, kisha akachota kwenye beseni kwa kijiti kitu cheusi, kidogo, kama nyama iliyoungua.

"Hii hapa. Iliwekwa na mukono wa mwanamuke."

Mama akalia kwa shukrani. Mimi nikakitazama kile kitu cheusi na kukiamini kwa moyo wote. Mtu aliyechoka huamini chochote kinachoweza kuwekwa kwenye beseni.

Jumapili iliyofuata Baba alisimama mimbarini. Hakutaja jina. Alisema kuna mkono ndani ya kanisa hili unaolisha watoto wa mtumishi wa Mungu kifo, na macho yake yakaenda kwenye benchi ya tatu upande wa kina mama, yakakaa pale. Nilikuwa kwenye korale, niliona vizuri. Waliokaa kulia kwa Mama Sifa wakasogea kulia. Waliokaa kushoto wakasogea kushoto. Hawakuinuka. Walisogea tu, kila mmoja kidogo, mpaka akabaki peke yake katikati ya ubao mrefu, mikono juu ya magoti, akitazama mbele. Ibada ilipokwisha aliondoka wa mwisho. Tangu siku hiyo samaki aliowapeleka sokoni asubuhi walirudi naye nyumbani jioni.

Nami sikupona. Kwa siku kadhaa nilijidanganya, kisha damu ikarudi, nyingi kuliko kwanza, ikalowesha mto. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga Baba, aliutazama mto ule, akaukunja, akaenda kuvaa viatu.

"Nampeleka hospitali," alimwambia.

"Watu watasema nini?"

"Watasema mbele ya mutoto muzima ao mbele ya kaburi. We chagula."

Baba akachagua kitenge. Kanisani akatangaza kwamba nimekwenda Uvira kusoma.

Kungoja hospitalini ni kazi. Ulitema makohozi kwenye kikopo asubuhi, ukakaa barazani, ukangoja. Mbuzi alipita. Mvua ya kwanza ya msimu ikanyesha, ikanukisha udongo, watu wote barazani wakanyamaza kwa pamoja kana kwamba mtu mkubwa ameingia. Muuguzi wa pavio, mwanamume mpole aitwaye Alimasi, akaja akachuchumaa mbele yangu ili macho yetu yalingane.

"Ni kifua kikuu, dada. Kinapona."

Nililisikia lile neno la pili kwanza. Ndivyo ilivyokuwa: neno "kinapona" lilifika moyoni kabla ya jina la ugonjwa.

Baba alikuja jioni, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alimasi akamweleza kwa heshima.

"Pasta, wote wenye balilala naye nyumba moja, na wote wenye baliimba naye, baje bapimwe. Batoto ba korale kwanza."

"Infirmie," Baba alimwambia muuguzi, "huyu alilishwa karuho."

"Karuho sijawahi kuiona kwa mikroskopi. Hii nimeiona leo na macho yangu."

"Unajua mi ni nani mu hii muji?"

"Najua. Ndiyo maana nakuomba we. Mi nikiita, batasema ni serikali. We ukiita, batakuja na bashangazi zao."

Baba alinitazama, akatazama madirisha yasiyofungwa, akaenda zake. Kuanzia jioni ile vitu viwili vilining'inia mdomoni mwa baba yangu: vifua vya watoto wa korale, ambao kwa miezi mingi nilikuwa nimewaimbia karibu na nyuso zao, na jina la Mama Sifa. Neno moja la kweli lingetosha kwa vyote viwili. Nalo lingeishusha nyumba yetu kutoka mahali ilipokuwa imeketi.

Sasa nikwambie habari za vidonge. Unavimeza kila asubuhi mbele ya muuguzi, naye anangoja mpaka koo lako lishuke. Mkojo unageuka rangi ya Fanta ya machungwa. Hakuna aliyekuwa amenionya. Nilitoka chooni nikilia kwamba ninatoa damu, na pavio nzima ikaangua kicheko.

"Karibu kwa kampuni ya soda!" Mama Riziki alipaza sauti. "Mi niko natengeneza kreti mbili kwa siku."

Viungo viliniuma kama vya bibi kizee. Kichefuchefu kilikuwa mgeni wa kila asubuhi. Nywele zikatoka kwenye kitana. Kisha, mvua zilipokuwa zimeshika kweli, siku moja nikasikia njaa. Njaa ya kweli, yenye meno. Nilikuwa nimesahau kwamba njaa ni zawadi. Nikala bugali ya Mama yote, nikaanza kutazama ya jirani, na Mama akageuka ukutani akifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kama wewe uko kwenye majuma ya kichefuchefu, shika neno hili: njaa itarudi. Itakuja bila kubisha.

Na usiache vidonge siku utakayojisikia nafuu. Siku hiyo ndiyo hatari kuliko zote.

Mama alipimwa mapema, akakutwa mzima. Baba hakupimwa. Mama alikuwa akipika sufuria mbili, moja ya nyumba ya vigae na moja ya pavio, na kutembea kati ya hizo mbili kama mtu mwenye waume wawili wasiosemezana. Sijui walichoongea usiku. Najua tu kwamba mgongo wake ulianza kuinama, na kwamba alikuwa akipita sokoni kwa njia ya nyuma ili asikutane na meza ya Mama Sifa.

Mimi nilikuwa nimezoea maombi marefu. Kanisani kwetu mtu aliombwa kufungua ibada kwa jinsi alivyoweza kupanda na kushuka na sauti. Mama Riziki aliomba kila asubuhi kwa sauti ya kawaida, akisukuma blanketi kwa miguu.

"Mungu, ni mi Riziki, wa kitanda cha dirisha. Aksanti kwa pumuzi ya leo. Ya kesho tutaongea kesho."

Ndiyo yote. Mara ya kwanza nilicheka moyoni. Baada ya majuma kadhaa nilikuwa nikingoja maombi hayo kama vile wengine wanavyongoja chai. Nilikuwa nimekulia kanisani na sikuwahi kumsikia mtu akimwambia Mungu kitanda chake kiko wapi.

Siku moja nikamwambia, kwa lugha yangu ya mimbari, kwamba labda Mungu anatutwanga kama yeye alivyotwanga mawe, ili dhahabu itoke.

Alinitazama kwa huruma. "Binti ya Pasta, unajua jiwe wewe? Jiwe zima haliseme kitu, ni kweli. Ni mpaka litwangwe. Lakini mara mingi unatwanga mpaka mukono unakufa, na ndani hamuna kitu." Akacheka, akakohoa, akacheka. "Na bado kesho unarudi kutwanga. Sasa, Mungu ndiye anavumilia zaidi ya mi."

Nililala nikilitafakari neno lile mpaka nikaogopa, ile hofu nzuri ya mtu anayesimama kando ya ziwa wakati hakuna upepo na maji yanaonyesha yalivyo marefu. Sikuwa dhahabu iliyofichwa. Huenda ndani yangu hamkuwa na kitu. Na bado Mtu alirudi kila asubuhi.

Baba alikuwa akija Jumapili, mapema, kabla watu hawajatoka majumbani, akipitia nyuma, upande wa vyoo. Alisimama kidogo, akauliza kama ninakula, akaweka mkono juu ya kichwa changu bila kuomba, akaenda kuhubiri. Kila mara Alimasi alimuuliza habari za korale. Kila mara alisema: "Nangojea saa ya Mungu."

Jumapili ninayotaka kukusimulia, mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Pavio ilikuwa na matope ya viatu kila mahali. Nilikuwa nimekaa kitandani, Mama ananisuka nywele zilizobaki, mlango ukasukumwa na bega. Akaingia Mama Sifa, sufuria mikononi, imefungwa kwenye kitambaa.

Mikono ya Mama ikasimama kichwani mwangu.

"Mi nilisikia uko Uvira," Mama Sifa aliniambia.

"Ndiyo, mama," nikajibu.

"Siku hizi Uvira iko karibu."

Mama Riziki aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mama Sifa akavuta kiti, akakaa, akaifungua sufuria. Ilikuwa supu ya mgebuka, na mvuke wake ukajaza nafasi yote kati ya vitanda. Kwetu mtu anayempa mwingine chakula, na hasa mtu aliyesemwa vibaya, huonja kwanza mbele ya anayepewa. Mama Sifa akachota kijiko, akanywa, akafungua mdomo mkubwa kama mtoto kwa daktari ili tuone kwamba amemeza.

"Nimeonja. Ungoje kidogo. Kama naanguka, usikule."

Mama Riziki akashindwa kujizuia. Kicheko chake kikapanda, kikavunjika, kikarudi. Mimi nilikuwa nalia. Nilikuwa bado sijashika kijiko wakati Baba alipoingia.

Alikuwa amevaa suti ya ibada, ile ya rangi ya mchanga. Aliona kwanza sufuria, kisha aliyeishika. Maji yalidondoka kutoka kwenye bati. Nikaona akitafuta uso wake wa Jumapili, ule wa madhabahuni, akauvaa.

"Bwana asifiwe," alisema.

Pavio nzima haikuitikia.

"Mama Sifa. Shetani ni mwongo. Alitaka kutumia hii jambo ili kugawanya—"

"Pasta." Hakupandisha sauti. Alikuwa bado ameshika kijiko. "Siku ile Shetani hakukuwa kwa mimbari. Nilikaa benchi ya tatu, nilikuona. Ilikuwa ni we."

Nilidhani Baba atatoka. Mwili wake wote uligeuka kidogo kuelekea mlangoni, nami nilijua kwamba akitoka sasa hatarudi tena, si hapa tu, hatarudi popote. Kisha macho yake yakaniangukia. Nilikuwa na blauzi ya Mama, kubwa, imeteleza begani, na mfupa ulikuwa wazi. Sijui aliona nini. Labda aliona mtoto aliyekuwa akimbeba kwenye njia ya Lulimba. Labda aliona mfupa tu. Alivua kofia.

Kisha magoti yake yakashuka. Hayakushuka kama anavyopiga magoti mhubiri, kwa mpango. Yalishuka kama ukuta wa udongo unaposhuka baada ya mvua nyingi, upande mmoja kwanza. Suti ya mchanga ikaingia kwenye matope ya viatu vyetu.

"Nilijua," alisema, na sauti haikuwa ya mimbari wala ya nyumbani. Sijawahi kuisikia kabla. "Tangu infirmie aliponiambia, nilijua. Nilikuacha mu ile jina, mama, juu ilikuwa inanifaa. Karuho ilinifaa. Nilipenda kuonewa wivu."

Mama akatoa mlio mdogo nyuma yangu.

Mama Sifa alimtazama kwa muda mrefu, kama muuza samaki anavyotazama samaki wa mwenzake. "Nimesikia," alisema. "Lakini hapa banasikia ni bagonjwa tu. Siku ile ilisikia kanisa yote. Batoto ba mutoto wangu balisikia."

"Leo ni Jumapili," Baba alisema.

"Bazee ba kanisa batakamata kile kiti yako ya velveti."

"Bakikamate."

"Na nyumba je? Ni ya kanisa."

Baba aliinamisha kichwa. Nilimwona akiitazama nyumba yetu huko ndani ya kichwa chake, vigae na maji ya ukutani, nikamwona akiiachia. "Nilianza na shitingi," alisema.

Mama Sifa akavuta pumzi. Akachota supu tena, akaipeleka kinywani mwake ili aonje kwanza kwa ajili ya Baba, kama desturi. Baba akanyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono, polepole.

"Usionje."

"Pasta, ni desturi."

"Najua desturi. Usionje."

Akachukua kijiko kutoka mkononi mwake, akala. Akala palepale chini, magoti kwenye matope, kijiko baada ya kijiko, mbele ya kila mtu aliyekuwa na macho katika pavio ile, na machozi yalikuwa yakiingia kwenye supu. Niliona nywele za mikono yangu zikisimama. Nimekaa kwenye mikutano ya maombi ambako watu walianguka kwa wingi, na sikuwahi kuhisi Mungu yuko karibu kiasi kile, karibu kama mvuke ule, usoni.

Mama Riziki ndiye aliyetuokoa. "Pasta, huu ni ugonjwa wetu, lakini supu ni ya mutoto. Umubakishie!"

Baba akacheka katikati ya kulia, kitu kibaya kukiona na kizuri. Mama Sifa akamnyang'anya sufuria, akaniletea.

"Mi sijasema nimesamehe," alimwambia akiwa amempa mgongo. "Nimesema kula. Kusamehe iko njiani, inakuja na miguu."

"Nitangoja," Baba alisema.

Akainuka kwa kushika chuma cha kitanda changu. Mama akaja haraka na kitambaa kilicholowa, akainama kumfuta magoti, maana matope yalikuwa yamechora suruali yake. Baba akamwinua.

"Acha hivyo, Mama Furaha," alisema, akimwita kwa jina langu.

Alimasi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini, trei ya vidonge mkononi. Baba alimkabili.

"Korale ikikuja leo, kiisha ibada, utabapima? Najua ni siku ya kupumzika."

"Nitabapima hata kama ni usiku, Pasta."

"Anza na mi."

"We mwenyewe utakuja nabo?"

"Nitakuja nabo."

Kengele ya kanisa letu ilianza kulia upande wa soko, ile rimu ya gari ya zamani inayogongwa kwa chuma. Baba alikuja kitandani, akaweka mkono kichwani mwangu, na mara hii aliomba. Aliomba kwa sauti ya kawaida. Alimwambia Mungu kwamba ni yeye, na kwamba anaogopa. Mimi nilikuwa na kijiko mdomoni. Sikuweza hata kusema amina.

Hakupitia nyuma, upande wa vyoo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, ule unaotazama barabara ambako watu wa kanisa walikuwa tayari wanapita na Biblia zao kwapani, akauvuta, akatoka kichwa wazi, na upepo wa ziwa ukaubamiza mlango nyuma yake.